Mtoto wa Mfanyakazi

Tarehe 6 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha na ya pili kwa wivu. Chakula cha mchana bure, basi la kukuchukua mlangoni, kahawa ya kujimiminia mwenyewe, na bado mwisho wa mwezi wanakulipa! Wewe hujaajiriwa, wewe umeolewa. Niliwasomea wenzangu wa zamu hapa kwenye tanuri, na yule mnene tunayemwita Hamira akauliza kama hiyo kampuni yenu ya simu haihitaji mtu wa kukanda unga.

Sisi marupurupu yetu unayajua: mikate miwili kwa kila zamu, na ile iliyoungua ni ruksa kuila palepale. Marehemu shemeji yako, kule machimboni, cha bure alichopata ni jeneza. Kila kazi na chake.

Sasa niseme lililonikalisha kuandika. Chiriku anaumwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyempa jina hilo kwa sababu ya domo lake, na ndilo lililonishtua. Anaanza hadithi, anafika katikati, ananyamaza kuvuta pumzi. Ngazi za shuleni anapanda kwa vituo kama bibi kizee. Nilidhani anajidekeza. Nimempeleka hospitali, daktari akamsikiliza kifuani muda mrefu kuliko nilivyopenda. Anasema mlango mmoja wa moyo umeharibika, damu ikishapita inarudi ilikotoka. Yale mafindofindo ya kila mara ndiyo yaliyomlia moyo. Lazima apasuliwe, na kazi hiyo inafanyika huko mjini kwenu tu. Aliponitajia gharama nikacheka. Si dharau, kicheko kilinitoka chenyewe.

Nijibu hili: ile bima ya afya uliyoisifia, ina nafasi ya mpwa? Sikupigii simu kwa sababu kwenye simu nitalia. Kwenye karatasi najikaza.

Dada yako


Tarehe 15 Februari

Dada, shikamoo.

Nilipomaliza kusoma nilishuka moja kwa moja kwa mama wa utumishi, yule anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi. Ni mtu mzuri, si wale wa kukujibu huku anaangalia dirishani. Alifungua kitabu cha bima akanisomea. Anayetibiwa ni mfanyakazi, mwenzi wake wa ndoa, na watoto wake wanne. Nikamwambia sina mke, sina mtoto, nafasi zangu tano zipo tupu, nipewe moja tu ya mpwa. Akasema, "Baba, hizi si siti za basi."

Wazazi hawamo. Ndugu hawamo. Mwaka jana kuna dereva aliandikisha mtoto wa jirani kama wake, wakagundua, akafukuzwa na kudaiwa matibabu yote.

Nilipokuwa mlangoni akaniita. Akasema mtoto wa kuasiliwa anahesabiwa sawa na wa kuzaa, mradi mahakama imetoa amri na mtoto anaishi kwa mfanyakazi. Nikamuuliza kuasiliwa maana yake nini hasa. Akasema, "Mahakama inakufanya wewe baba yake."

Dada, ni karatasi tu. Mimi ni damu yako, na yeye ni damu yako. Nisingethubutu kuandika hili kama ningekuwa na njia nyingine. Fikiria, usikasirike.

Mdogo wako


Tarehe 22 Februari

Mdogo wangu,

Nimekasirika.

Nilikubeba mgongoni mama akiwa sokoni. Nimeingia kwenye tanuri nikiwa binti mdogo ili wewe ubaki darasani, na sikuwahi kukutajia, leo ndiyo mara ya kwanza. Nakuomba msaada wa mtoto unaniomba mtoto!

Unasema karatasi tu. Kama ni karatasi tu, mbona inafungua milango ya hospitali ambayo mimi niliyemzaa siwezi kuifungua? Karatasi ya namna hiyo si karatasi tu.

Hamira anasema tuchange hapa kiwandani. Tumeanza. Hata wa zamu nyingine wametoa. Mwambie mama wa utumishi ahsante, nafasi zenu zibaki na baridi yake.

Chiriku anakusalimia. Hajui lolote.

Dada yako


Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Jana ameanguka shuleni, mstarini, wakiimba. Midomo ilikuwa ya buluu. Nilipofika walikuwa wamemlaza kwenye meza ya walimu, wamemfunika kitambaa cha meza, na kwa kitambo kile nilidhani wamemfunika kwa sababu nyingine.

Mchango wetu hautoshi hata kitanda.

Niambie niweke sahihi wapi.

Dada yako


Tarehe 25 Machi

Dada, shikamoo.

Nakuja kumchukua Jumamosi. Nimepata wakili, ni mteja niliyewahi kumsaidia simu yake ilipofungiwa, hatanitoza. Usiogope maneno yake, ni ya kisheria. Utasaini kwamba umeridhia. Halafu mtoto akae kwangu miezi mitatu, afisa wa ustawi wa jamii awe anapita kuangalia ninavyomlea, ndipo hakimu aamue. Hawapendi kumpa mtoto wa kike mwanamume asiye na mke, lakini kwa kuwa mimi ni mjomba, wakili anaamini watalegeza.

Daktari wa huku ataanza kumpa dawa za kumshikilia.

Nimemwachia chumba, mimi nalala sebuleni. Akishapasuliwa na kupona, tutakaa mimi na wewe tuone namna ya kumrudisha. Nakuahidi.

Umenichapa katika ile barua na nilistahili. Lakini sikuwa nakuomba mtoto. Nilikuwa natafuta mlango.

Mdogo wako


Tarehe 3 Mei

Mama shikamoo,

Mimi sijambo na Mjomba hajambo ila anakoroma. Naandika mwenyewe usidhani nimeandikiwa. Huku kuna ngazi inayopanda yenyewe unasimama tu, lakini ipo dukani, nyumbani hakuna. Kazini kwa Mjomba nilienda siku moja wakanipa juisi mbili na mtu akaniuliza wewe mtoto wa nani nikasema wa Mama.

Yule mama wa ustawi amekuja mara tatu. Anaangalia jikoni na kitandani na kwenye friji. Mjomba alisema akija nijaribu kumwita Baba, nijizoeze. Alipokuja nikachanganya nikamwita Mjombaba. Yule mama akacheka mpaka akaweka kalamu chini, lakini Mjomba hakucheka.

Mama, nikiandikwa jina la Mjomba na wewe utaandikwa? Nilimuuliza akasema nile kwanza.

Mkate wa huku ni laini sana, ukiubana haurudi. Wa kwenu ni mzuri zaidi. Nisalimie Hamira mwambie nimemkumbuka na tumbo lake.

Ni mimi mwanao,
Chiriku


Tarehe 28 Agosti

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Nilitoka kituo cha basi nikaingia zamu bila kupita nyumbani. Msimamizi amenikata siku zote nilizokuwa huko, likizo ya kuuguza kwetu haipo. Anasema ingekuwa mazishi, angenipa siku moja.

Nataka nikuambie mambo mawili niliyoshindwa kusema mbele yako, maana ulikuwa umechoka na sikutaka kukuongezea.

La kwanza ni la mahakamani mwezi uliopita. Unakumbuka hakimu aliponiuliza kama naelewa kwamba kuanzia siku ile sina haki wala wajibu juu ya mtoto huyu. Nilijibu naelewa. Mlidhani nimejibu haraka kwa ujasiri. Nilijibu haraka kwa sababu Chiriku alikuwa amekaa nyuma yangu na nilisikia anavyovuta pumzi.

La pili ni la hospitali. Siku ile ulikwenda kuongea na daktari, ukaniacha kwenye mlango wa wodi ya mahututi. Nesi akaniambia anaingia mzazi mmoja tu. Nikasema mimi ndiye mama. Akaangalia kwenye kompyuta yake, akasema kwa upole kabisa, "Hapa yupo baba tu. Wewe ni nani yake?" Nikamwambia mimi ni dada wa huyo baba. Akafurahi amepata jibu. "Basi wewe ni shangazi," akasema, na akaniandikia beji: SHANGAZI. Akaniambia shangazi nao huruhusiwa, ila jioni, dakika chache, mzazi akiwa ametoka.

Nikangoja jioni. Nilivaa ile beji. Ulipotoka na kunikuta nimeigeuza upande wa nyuma, ukaniuliza mbona nimeigeuza, nikasema pini imelegea.

Mshono wake ni mrefu kuliko nilivyodhani. Ameniuliza, "Mama, ulikuwa wapi?" Nikamwambia nilikuwa hapo nje.

Amepona, hilo ndilo kubwa. Mungu akulipe. Akipata nguvu, niambie lini nije kumchukua.

Dada yako


Tarehe 17 Septemba

Dada, shikamoo.

La beji sikulijua. Nimelisoma nikiwa kazini, nikaingia chooni, nikakaa mpaka mtu akagonga.

Chiriku anaendelea vizuri. Domo limerudi lote, ananisimulia hata ndoto. Ule mlango mpya wa chuma unasikika, nyumba ikitulia unausikia unavyogonga. Yeye anasema amemeza saa.

Kuhusu kumchukua, naomba unisikilize. Daktari hakutuambia yote mwanzoni, au alituambia na hatukusikia. Kwa sababu ya chuma kile, atakunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, na kila mwezi apimwe, dawa ikizidi ni hatari na ikipungua ni hatari. Halafu moyo wake unakua. Mlango haukui. Akivunja ungo au kabla, atapasuliwa tena awekewe mkubwa.

Nimemuuliza mama wa utumishi kama mtoto anaweza kuishi kwako huku bima ikiendelea. Amesema watu wa bima hupita majumbani. Mtoto asipokuwa chini ya paa la mfanyakazi, jina linatoka.

Kwa hiyo si miezi, dada. Sijui nitumie neno gani.

Na mimi nimefungwa hapo hapo. Ulikuwa unajua nilitaka kuacha kazi hii nifungue karakana ya samani. Siku nzima nasikiliza watu wananitukania mitandao nisiyoijenga. Juzi meneja kanifokea mbele ya chumba kizima kwa kosa la mtu mwingine. Zamani ningemrudishia maneno yake. Nimesema, "Samahani, mkuu." Siku hizi siwezi kugombana na mtu, nina mtoto.

Mdogo wako


Tarehe 9 Novemba

Mdogo wangu,

Umeandika "nina mtoto". Nimeliona. Silaumu, mtu humwita mtoto yule anayemwamkia asubuhi kumpa dawa.

Sikukaa bure. Nilijiambia, kama shida ni bima, basi na sisi tudai bima. Nilizungumza na Hamira, Hamira akazungumza na wapakiaji, wapakiaji na madereva. Tukawa wengi. Tukamwandikia tajiri wetu kwa adabu, tukachagua watu watatu waende, nikawa mmoja wao. Nilivaa lile gauni la mahakamani.

Alitusikiliza vizuri. Alitikisa kichwa, akasema anajua maisha yamekuwa magumu, akasema sisi ni familia moja. Nilipotaja mwanangu na moyo wake, aliinamisha uso. Nikasema moyoni, leo tumepata. Akaomba wiki ya kufikiria.

Wiki ilipokwisha wakabandika tangazo mlangoni. Kuanzia sasa kila mfanyakazi atapewa mikate mitatu badala ya miwili.

Watu wakapiga makofi! Mdogo wangu, wapo waliopiga makofi. Hamira aliketi juu ya gunia la unga akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha nikaona si ya kicheko tena. Nyumbani niko peke yangu. Hata miwili ilikuwa inanishinda, naigawa kwa majirani.

Shule zikifungwa Desemba mlete hata kwa wiki moja. Wiki moja watu wa bima hawataona. Nimeshapaka chumba rangi.

Dada yako


Tarehe 11 Januari

Dada, shikamoo, na pole.

Najua ulitungoja Desemba. Najua ulikwenda kituoni, jirani yako aliniambia kwenye simu, na kwamba ulirudi tena kesho yake. Nilisema Chiriku ana homa. Hakuwa na homa.

Ukweli ni huu. Kampuni inahamisha idara yetu yote kwenda nchi nyingine, ng'ambo, huko makao makuu. Tuliambiwa Oktoba. Anayekubali anahama na familia yake, nyumba wanalipa, shule ya mtoto wanalipa, matibabu wanalipa, na ni mazuri kuliko ya hapa. Anayekataa anaachishwa, na bima inakoma siku hiyo hiyo.

Niliogopa kwamba nikimleta, ukamshika mkono, sitaweza kumtoa kwako. Au yeye asikubali kupanda basi la kurudi. Ndiyo maana sikuja.

Nimetafuta kazi nyingine miezi yote hii. Nimepata moja ya duka la vifaa vya ujenzi, wanatoa sare na chai. Nimepata nyingine ya benki, bima yao inaanza baada ya mwaka wa majaribio. Mama wa utumishi mwenyewe hahami, anaachishwa, alinisaidia kutafuta huku naye anajitafutia.

Kisheria sihitaji ruhusa yako. Wakili amenionyesha. Lakini nakuomba. Ukisema nisiende, sitakwenda, tutaangalia tutakavyofanya.

Tunaondoka mwisho wa mwezi.

Mdogo wako


Tarehe 18 Januari

Mdogo wangu,

Unaniomba ruhusa ambayo huihitaji, ili tuwe wawili tuliolifanya. Umekuwa mjanja ukubwani.

Nimekaa na barua yako jikoni. Nikaandika "usiende". Nikaitazama. Nikajiuliza, akishabaki, dawa ya mwezi ujao nitaipata wapi, nikaichana.

Nenda.

Msimamizi nimemwomba siku mbili nije kuaga. Ni msimu wa maombi makubwa ya mikate ya shule, amesema anayetoka sasa asirudi. Nilitaka kutoka hivyo hivyo. Hamira akanishika mkono, akaniambia, "Ukija kukosa na hii kazi, utampokelea wapi siku akirudi?" Nikabaki.

Chiriku ukimkaripia hunyamaza, na wewe utadhani amesikia, kumbe ameumia. Mguse bega, ataongea. Akilala upande wa kushoto huota vibaya. Hapendi kuambiwa "pole" mbele za watu. Nywele zake usizikaze, ana ngozi laini kama ya marehemu baba yake. Mengine atakuambia mwenyewe, na atakuambia zaidi ya unavyohitaji.

Usimwambie niliomba ruhusa nikanyimwa. Mwambie nilikuwa na kazi nyingi. Afadhali anikasirikie mimi kuliko aikasirikie dunia nzima.

Dada yako


Tarehe 20 Aprili

Mama shikamoo,

Huku ni baridi na watu hawasalimiani, wanakuangalia viatu. Nyumba yetu ina sakafu ya joto, unakanyaga kama umekanyaga mbwa. Shule ni nzuri. Mwanzoni nilikuwa sielewi kitu, sasa naelewa na pia najibu.

Hospitali ya huku daktari ni mwanamke, ananipima kidoleni tu, hakuna sindano kubwa. Baba akija kunichukua huwa analala kwenye kiti cha kungojea mpaka wanamwamsha.

Mwalimu alisema tuchore familia. Nilikuchora wewe na mkate. Mwenzangu akauliza huyo nani nikamwambia Mama yangu, akauliza mbona hayupo, nikasema ana kazi nyingi. Ndivyo Baba alivyosema. Mama, hiyo kazi haiishi?

Samahani nimeandika Baba, nimeona sasa hivi lakini kalamu haifutiki.

Ni mimi,
Chiriku


Tarehe 14 Juni

Mdogo wangu!

Kaa chini. Umekaa?

Nimepata kazi ya hospitali! Ile ile ya kwetu alikopimwa Chiriku mara ya kwanza. Kufulia: mashuka, mashati ya wagonjwa, mapazia. Hamira ana binamu pale, aliniunganisha, nikafanyiwa majaribio na nimepita. Mshahara si wa kupigia ngoma, na ni kusimama siku nzima, lakini sikiliza: wafanyakazi wa kudumu wana bima. Mfanyakazi, mwenzi, na watoto wanne! Nilimuuliza aliyeniajiri mara tatu, mpaka akasema, "Mama, nimeshakuambia ndiyo."

Nimewaaga kiwandani. Wamenipa mikate kumi nimeigawa yote njiani, nilikuwa nampa hata nisiyemjua.

Mwezi Agosti nathibitishwa, siku hiyo ndiyo naandikisha familia. Mrudishe mwanangu. Wewe ukitaka baki huko, au rudi ufungue karakana yako, uko huru! Umefanya kazi ya baba na mama. Sasa pumzika.

Ulizia nauli ya ndege ya mtoto, hata akisindikizwa na wale wahudumu.

Dada yako


Tarehe 3 Julai

Dada, shikamoo.

Nimechelewa kwa sababu nilitaka niwe na uhakika, na nilitaka nikosee. Nimempigia wakili wetu. Nimempigia tena. Nimempigia na mama wa utumishi, siku hizi anauza vipodozi, lakini mambo haya bado anayajua.

Bima yako inachukua watoto wako. Chiriku kisheria si wako.

Amri ile haifutiki kwa kusema tumebadili nia. Inabidi wewe uombe kumwasili. Ndiyo, wewe. Umwasili mwanao kutoka kwangu, na kabla ya hakimu kukusikiliza, mtoto akae kwako miezi mitatu huku wa ustawi anapita kuangalia unavyomlea. Akitoka kwangu, jina lake linatoka kwenye bima yangu. Kwako halijaingia. Na likiingia, wakili ameulizia, bima ya hospitali yenu haigusi ugonjwa ambao mtu amekuja nao mpaka ipite miaka miwili.

Ningekuambia tuvumilie hiyo miaka, nitume mimi pesa za dawa. Lakini wiki mbili zilizopita daktari alinionyesha picha ya moyo. Amekua haraka kuliko walivyotarajia. Mlango umeanza kumbana. Wanataka kuubadilisha mwaka huu huu, hapa hapa.

Hajui. Anadhani ni vipimo vya kawaida. Amekua mrefu, dada, amenifika kifuani.

Nisamehe. Sijui nikuombe msamaha wa nini, maana kila nilichofanya ningekifanya tena. Lakini nisamehe.

Mdogo wako


Tarehe 12 Agosti

Mdogo wangu,

Sikukujibu haraka. Huna kosa. Nimelitafuta kosa kwako, nikalitafuta kwangu, nikalitafuta kwa yule hakimu, sikuliona. Kila mtu alifanya kazi yake.

Apasuliwe huko. Siku ikifika niambie kabla, usiniambie baada. Na hii barua usimsomee.

Leo nimethibitishwa kazini. Walituita mmoja mmoja ofisini kuandikisha familia. Yupo kijana mmoja mwenye sauti nzuri, ana haraka lakini ana heshima. Alinivutia kiti.

"Mama, una mume?"

"Alifariki."

"Pole sana." Akaandika. "Watoto?"

Nikatazama kalamu yake. Akadhani sijasikia.

"Watoto, mama. Zipo nafasi nne. Ukiwa naye hata mmoja mtaje, atatibiwa bure."

Nilikuwa nimelitayarisha jina lake lote. Njiani nilikuwa nalitamka. Lakini ningesema yupo, angetaka cheti, na cheti kina jina lako. Nyuma yangu wenzangu walikuwa wamesimama foleni, yule wa mbele ana mapacha mgongoni.

Nikamwambia, "Sina."

Akapiga mstari juu ya zile nafasi, mstari mmoja mrefu, kwa rula. Halafu akanitazama akatabasamu, akitaka kunifariji, nadhani, au kunifurahisha tu. Akasema, "Basi una nafuu, mama. Makato yako yatakuwa madogo."

Nikamshukuru, nikarudi kwenye mashine.

Dada yako